Figo mpya na mlinzi wa mlangoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mishipa ya damu na kukataliwa kwa kiungo

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dialisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, hapa Lubumbashi. Wagonjwa wetu karibu wote wanatamani kitu kimoja, kupata figo. Wachache wanaipata, tena kwa kusafiri mbali na kuuza kiwanja. Wakirudi, wanarudi na mfuko wa dawa, bahasha ya karatasi za maabara, na maswali ambayo huko walikotoka hawakupata nafasi ya kuyauliza, au hawakuwa na lugha ya kuyauliza. Nimeweka hapa yale yanayorudi kila wiki kwenye benchi letu la nje.

Mengi kati yake yanaishia mahali pamoja: kwenye ngozi nyembamba inayofunika mshipa wa damu kwa upande wa ndani. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu karatasi za wagonjwa ni za Kifaransa au Kiingereza, na mama anayempikia mgonjwa bukari na kumkumbusha saa ya dawa anahitaji kuelewa kama daktari anavyoelewa.

Huo utando wa ndani ya mshipa ni kitu gani?

Ukikata mpira wa kumwagilia bustani, ndani utakuta mpira uleule wa nje. Mshipa wa damu haukuumbwa hivyo. Kuanzia ateri kubwa inayotoka moyoni hadi mishipa midogo kabisa ambamo chembe nyekundu hupita moja moja, upande wa ndani umetandikwa safu ya seli bapa zilizopangwa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu. Hizo huitwa seli za endothelia. Ni safu moja tu, na mahali pengi unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita.

Wembamba huo usikudanganye. Seli hizi ndizo zinazozuia damu isigande ikiwa safarini, ndizo zinazoamua mshipa utanuke au ubane, na ndizo zinazoamua ni chembe nyeupe ipi itoke kwenye damu na kuingia kwenye nyama. Figo nayo ni kiungo cha mishipa kuliko watu wanavyodhani. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, kila kichujio ni fundo la mishipa midogo, na karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo hizo mbili. Mtu akikupa figo, sehemu kubwa ya alichokupa ni mishipa yake.

Kwa nini ugomvi uanzie kwenye mishipa na si kwenye nyama ya figo?

Kwa sababu hapo ndipo damu yako inapokutana na mwili wa mwenzako. Mpasuaji huunganisha ateri ya figo mpya na ateri yako karibu na nyonga, kisha mshipa wa kurudisha damu, halafu huachia vibanio. Figo iliyokuwa imepauka huiva rangi mbele ya macho yake. Dakika hiyohiyo kila kilichomo katika damu yako, chembe nyeupe, kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza ili kushika kitu kigeni), protini nyingine za kinga, kinagusa seli ambazo si zako. Nyama ya figo yenyewe imejificha nyuma ya utando.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda sana, nao unatoka kwenye jicho. Mwaka 1905 daktari Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc ambao leo uko Cheki, alipandikiza konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na mgonjwa wake akaona. Hiyo ni karibu nusu karne kabla ya figo yoyote kufanikiwa, wakati hakuna aliyekuwa na dawa ya kutuliza kinga. Konea iliweza kwa nini? Sababu moja kubwa ni kwamba haina mishipa ya damu. Hata leo konea nyingi hupandikizwa bila kulinganisha alama za mtoaji na mpokeaji. Lakini kama ugonjwa umefanya mishipa iote hadi ndani ya konea, hatari ya kukataliwa hupanda. Penye mshipa pana ugomvi.

Figo imetoka kwa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa wa tumbo moja. Kwa nini mwili wangu uikatae?

Swali hili huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu nyuma yake kuna tuhuma. Nimesikia familia ikisema mtoaji alitoa kwa shingo upande, ndiyo maana figo haikukaa. Naomba jambo hilo lisisemwe tena mbele ya mtu aliyekubali kupasuliwa kwa ajili ya ndugu yake. Moyo wa mtoaji hauna njia ya kufika kwenye seli.

Kinachofika kwenye seli ni alama ziitwazo HLA. Mfaransa Jean Dausset aliielezea ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ni protini zinazosimama juu ya seli kama kitambulisho, na jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Unapokea fungu moja kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama. Kwa hiyo ukichukua ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, uwezekano wa kufanana mafungu yote mawili ni asilimia 25, kufanana fungu moja ni asilimia 50, na kutofanana hata moja ni asilimia 25. Mzazi na mtoto hushiriki fungu moja. Basi yaya yako anaweza kuwa wa tumbo moja na wewe na bado mishipa yake ikaonekana kwa kinga yako kama ya mtu baki.

Hata ndugu waliofanana mafungu yote mawili huhitaji dawa, maana kuna tofauti ndogondogo nje ya HLA. Wasiohitaji ni mapacha wa kufanana kabisa. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliodumu, huko Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulikuwa wa mapacha wa namna hiyo: Ronald Herrick alimpa Richard figo, mikononi mwa daktari Joseph Murray. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Ronald, ambaye watu walimwogopea, aliishi na figo moja hadi mwaka 2010. Namtaja kila mara mtoaji anaponiuliza kama atakufa mapema.

Je, seli za mishipa ni za kushambuliwa tu, au nazo zinachochea?

Zinachochea. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hata baadhi yetu wauguzi tulifundishwa kwamba mshipa ni uwanja wa vita tu.

Hapa mjini nyumba nyingi zina sentineli mlangoni. Sasa fikiria umehamia nyumba ya mtu mwingine na sentineli wake wa zamani amebaki palepale. Kitambulisho chake ni cha familia ya kwanza. Watu wako wakipita wanamkazia macho. Yeye akishtuka anapiga filimbi, anawasha taa, na anafungua geti, akidhani anaita msaada. Wanaoingia ni watu wako, na wanakuja kumpiga yeye.

Seli ya endothelia hufanya hivyo hatua kwa hatua. Ndani yake kuna vifuko vyembamba vilivyoelezwa mwaka 1964 na Ewald Weibel na George Palade, na bado vinabeba majina yao. Vifuko hivyo vimehifadhi protini inayovuta vigandisha damu, pamoja na nyingine iitwayo P-selektini. Seli ikishtuliwa, vifuko hufunguka kwa dakika chache tu, na P-selektini hujitokeza juu yake. Chembe nyeupe iliyokuwa inakwenda mbio ndani ya damu inaanza kunasa kidogo kidogo na kubiringika juu ya ukuta wa mshipa. Baada ya saa chache seli hiyo inakuwa imetengeneza protini nyingine za kushikilia kwa nguvu zaidi, na inatoa kemikali za kuita. Chembe nyeupe inasimama, inajibana kati ya seli mbili, inapenya hadi kwenye nyama ya figo.

Hiyo ni filimbi na geti. Kitambulisho ni jambo la pili, tena zito zaidi. Alama za HLA zipo za daraja la kwanza, ambazo karibu seli zote za mwili zinazo, na za daraja la pili, ambazo kwa kawaida hubebwa na seli maalumu za kinga. Kwa binadamu, mishipa midogo ya figo hubeba hata zile za daraja la pili, na seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, zikimwaga kemikali iitwayo intaferoni gama, mishipa huzionyesha kwa wingi zaidi. Yaani vita vyenyewe vinaifanya mishipa ionekane ngeni kuliko mwanzo. Seli T zako zenye kumbukumbu, zile zilizobaki baada ya maradhi uliyowahi kuugua, zinaweza kuamshwa moja kwa moja na seli ya mshipa wa mtoaji. Baadhi yake zilizaliwa kupambana na virusi, lakini HLA ngeni inafanana vya kutosha na kile zilichokikariri.

Panya wa maabara hawako hivyo. Mishipa yao ikiwa imetulia haionyeshi alama za daraja la pili kama ya kwetu, nao hulelewa katika usafi mkubwa, hivyo kumbukumbu ya kinga yao ni changa. Ndiyo sababu moja ya tiba kadhaa zilizowaacha panya na viungo vipya bila dawa kutofanya hivyo kwa watu. Mtu aliyekulia hapa mjini, Katuba au Ruashi, aliyeugua malaria na tumbo na kikohozi tangu utoto, ana kinga yenye historia ndefu.

Kwa nini wanaharakisha figo, tena inawekwa kwenye barafu?

Kukosa damu kunaijeruhi endothelia, na damu ikirudi ghafla inaijeruhi mara ya pili. Jeraha hilo peke yake, kabla HLA haijahusika, linatosha kufungua vile vifuko nilivyovieleza. Baridi ya karibu nyuzi 4 hupunguza njaa ya seli. Moyo huvumilia saa kama 4 tu, figo huvumilia nyingi zaidi. Figo ya mtu aliye hai, anayepasuliwa chumba cha jirani, hungoja muda mfupi sana, na hiyo ni sababu moja ya kudumu zaidi kwa wastani, hata ikitoka kwa mke au rafiki asiye na undugu wa damu nawe.

Mke wangu anahitaji figo, amenizalia watoto watano. Naweza kumpa yangu?

Huenda ndiyo, lakini swali lako lina uzito kuliko unavyojua, baba. Kila mimba ilimkutanisha mkeo na nusu ya alama zako, kupitia mtoto. Baadhi ya wanawake hutengeneza kingamwili dhidi ya alama hizo na kubaki nazo miaka mingi. Hazimdhuru yeye wala watoto wake. Lakini ukimwekea figo yako, kingamwili hizo zitakutana na alama zilezile zimetandazwa kwenye mishipa yote ya figo.

Milango mingine ya kupata kingamwili za namna hiyo ni miwili: figo iliyopandikizwa zamani, na kuongezewa damu. Huo wa pili unatuhusu sana. Watoto wetu wengi huongezewa damu wakiishiwa kwa malaria, na wenye sikoseli huongezewa mara nyingi. Usimkatalie mtoto damu kwa hofu ya figo ya kesho. Damu hiyo inaokoa uhai wake leo. Ila ukifika mbele ya daktari wa upandikizaji, mweleze kila mara uliyoongezewa, na kila mimba, hata zile zilizotoka. Akina mama wengi huficha mimba iliyoharibika mbele ya mashemeji. Ombeni kuzungumza na daktari peke yenu.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza: maji ya damu ya mpokeaji huchanganywa na chembe nyeupe za mtoaji, kuonekana kama zitashambuliwa. Mwaka 1969 Ramon Patel na Paul Terasaki walichapisha matokeo yaliyobadilisha kazi hii duniani. Kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa ilhali kipimo kilionyesha shambulio, figo 24 zilikufa papo hapo. Kati ya 195 ambao kipimo kilikuwa safi, zilikufa 8.

Angalia hapo kwamba wanapima kwa chembe nyeupe, si kwa seli za mishipa. Kwa HLA hiyo inatosha, kwa kuwa zote mbili huzibeba. Lakini zipo kingamwili chache zinazolenga vitu vingine vya mishipa, kwa mfano kipokezi cha angiotensini, homoni inayobana mishipa, na hizo zinaweza kupita kwenye kipimo bila kuonekana. Mgonjwa akiambiwa kila kitu kilikuwa sawa na bado figo ikashambuliwa na kingamwili, si lazima mtu wa maabara alikosea.

Na grupu ya damu?

Watu hudhani A na B ziko kwenye chembe nyekundu tu. Ziko pia kwenye endothelia. Mtu wa O ana kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni, bila kuongezewa damu hata mara moja, kwa hiyo figo ya mtu wa A ingeshambuliwa mezani palepale. Vituo vyenye uwezo huweza kuziondoa kingamwili hizo kwanza, kisha kupandikiza. Jambo la kushangaza ni kwamba baada ya wiki chache kingamwili zinaweza kurudi na figo isidhurike. Endothelia inakuwa imejizatiti kwa kuwasha jeni za kujilinda. Inatia moyo kujua kwamba sentineli anaweza kujifunza kutopiga filimbi.

Kukataliwa kunatokea lini?

Kule kwa dakika na saa za kwanza, figo inapogeuka bluu na kuganda, sasa ni nadra sana kwa sababu ya kipimo nilichokieleza. Kunakotusumbua ni kwa wiki na miezi, na kunakotuhuzunisha ni kwa miaka.

Kwa wiki na miezi, ama seli T zinapenya na kuvamia nyama ya figo na kuta za ateri, ama kingamwili mpya zinashika mishipa midogo, au vyote viwili. Uvamizi wa seli T mara nyingi hutibika: sindano za dozi kubwa za methiliprednisoloni, kwa kawaida siku 3, na dawa nzito zaidi ikibidi. Ule wa kingamwili ni mgumu. Hubidi kusafisha plazma, yaani maji ya damu, ili kuzitoa, kumpa mgonjwa kingamwili za watu wengine kwa dripu, na mambo mengine yanayohitaji fedha ambazo sijui familia nyingi za hapa zingezitoa wapi.

Kwa miaka, kingamwili hazilipui kitu. Zinakaa juu ya endothelia na kuigusa, na kila zikiigusa zinaipa ishara ya kukua na kujirekebisha. Ukuta wa ndani unazidi kunenepa, njia ya damu inazidi kuwa nyembamba, vichujio vinakauka. Ni kama bomba la maji linaloziba chumvi: hakuna siku unayoweza kusema leo ndipo lilipoziba.

Nitajuaje kama inaanza? Nitasikia maumivu?

Mara nyingi hutasikia chochote. Hili ndilo neno ninalolirudia mpaka wagonjwa wanachoka nami. Mgonjwa anakula vizuri, anakojoa, anakwenda kazini, na kreatinini, taka ambayo figo ingepaswa kuitoa, inapanda kwenye damu. Mkojo kupungua, miguu kuvimba, homa, presha kupanda, uzito kuongezeka ghafla, hizo ni dalili, lakini huja zimechelewa. Usingojee.

Kreatinini ikipanda, kuna sababu nyingine pia: maji kupungua mwilini, dawa kuzidi, maambukizi. Uhakika hutoka kwenye biopsi, kipande chembamba cha figo kinachotolewa kwa sindano na kuangaliwa kwa darubini. Wasomaji wa vipande hivyo duniani kote hufuata kanuni zilizoanzia kwenye mkutano wa mwaka 1991 katika mji wa Banff, Kanada. Moja ya vitu wanavyovitafuta huitwa C4d. Kingamwili ikishika seli ya mshipa, huamsha protini za kinga za damu ziitwazo komplementi, na C4d ni kipande chake kinachong'ang'ania ukutani hata wavamizi wakiwa wameshaondoka. Ni unyayo kwenye vumbi la kiangazi: mwizi humwoni, lakini unajua alipita hapa.

Dawa hizi zinaituliza mishipa?

Zinawatuliza zaidi wale wanaoitwa kuliko yule anayeita. Siklosporini, iliyotokana na kuvu wa kwenye udongo wa Norwe na kuruhusiwa Marekani mwaka 1983, na takrolimusi, iliyopatikana kwenye udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984, huzuia seli T zisitoe amri ya kuzaana. Mikofenoleti huzuia seli hizo zisiongezeke. Prednisoloni hutuliza uvimbe kwa upana.

Hakuna kati ya hizo inayofuta alama ya HLA kwenye mshipa, wala inayoondoa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa. Na nisifiche: takrolimusi na siklosporini zikizidi huibana mishipa ya figo ileile zinayoilinda, na hupandisha presha. Ndiyo maana hupimwa kwenye damu mara kwa mara.

Nimemaliza miaka mitano salama. Siwezi kuacha dawa? Figo si imeshanizoea?

Hapana. Na nitakueleza kwa nini, maana kuambiwa hapana peke yake hakumzuii mtu ambaye franka zimeisha.

Figo mpya huja na chembe za kinga za mtoaji, na hizo huchochea sana mwanzoni, lakini baada ya wiki au miezi nyingi huwa zimetoweka. Mishipa haiondoki. Miaka mitano, miaka kumi, bado ukuta wa ndani una kitambulisho kilekile cha yaya yako, na damu yako inapita juu yake kila mpigo wa moyo. Watafiti wamekuta kwamba seli za mpokeaji huweza kuziba baadhi ya sehemu za utando huo, hasa pale palipowahi kujeruhiwa na kukataliwa. Ni sehemu tu. Hakuna daktari anayeweza kukuambia kwamba mishipa yako yote imegeuka kuwa yako.

Nimemhudumia kijana aliyeambiwa katika maombi kwamba amepona, aache vidonge. Aliacha. Alijisikia vizuri kuliko wakati wowote, kwa kuwa madhara ya dawa yalikuwa yameondoka. Baada ya miezi michache alirudi kwenye kiti cha dialisi, kiti kilekile karibu na dirisha. Mama yake bado ananiuliza ni siku gani hasa figo ilikufa, na sina siku ya kumtajia.

Kama fedha ndizo zinazokwisha, njoo useme kabla vidonge havijaisha. Daktari anaweza kubadilisha mpango. Kugawa dozi nusu nusu nyumbani bila kusema ni hatari kuliko watu wanavyoamini, kwa kuwa kinga ikitulizwa nusu hupata nafasi ya kutengeneza kingamwili.

Kuna vitu vya kuogopa hapa kwetu hasa?

Vipo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini kuvunja takrolimusi haraka mno na kiwango chake huanguka. Usikatae kutibiwa kifua kikuu, ila anayekutibu ajue una figo ya kupandikizwa ili dozi irekebishwe kwa kupima. Flukonazoli, eritromisini na klarithromisini hufanya kinyume, hupandisha. Balungi hupandisha pia. Machungwa ya kawaida hayana neno.

Kuhara hutudanganya: mtu hudhani dawa inatoka na kinyesi, akaongeza kidonge. Kwa takrolimusi mara nyingi ni kinyume, kiwango kwenye damu hupanda wakati wa kuhara, na wakati huohuo mwili unakauka. Kunywa maji ya chumvi na sukari, na uje upimwe siku hiyohiyo.

Dawa za mizizi, naomba uziache zote. Sizidharau. Bibi yangu alinitibu nazo. Lakini hakuna anayejua zinafanya nini kwenye ini na takrolimusi.

Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na mtu aliyepandikizwa hachomwi. Ichomwe kabla, angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Aliyekwisha kupandikizwa bila kuipata aombe barua ya daktari ya kumsamehe chanjo kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Luano, si baada ya kufika.

Nasikia Marekani wanaweka figo za nguruwe. Ni kweli?

Ni kweli. Mwezi Machi 2024, hospitali ya Massachusetts General ilimpandikiza Richard Slayman figo ya nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 69 ya jeni. Alifariki mwezi Mei, na hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo ndiyo iliyosababisha. Kizuizi cha kwanza kilikuwa mishipa tena. Endothelia ya nguruwe ina sukari iitwayo alfa-gali, ambayo sisi hatuna, na sote tuna kingamwili dhidi yake kwa sababu ya bakteria wa tumboni. Ilibidi jeni ya sukari hiyo iondolewe kwanza. Kwa mgonjwa wa leo wa Lubumbashi, hiyo bado si njia ya kuingoja.

Figo ikifa, naweza kupata nyingine?

Unaweza. Dialisi itakupokea katikati. Ila ya kwanza mara nyingi huacha kingamwili nyuma, na kumpata mtoaji wa pili asiyegongana nazo huwa vigumu zaidi.

Kesho asubuhi nina randevu ya kupimwa takrolimusi. Nimeze kidonge cha asubuhi kwanza?

Hapana, usimeze. Wanataka kujua kiwango cha chini kabisa, saa 12 baada ya kidonge cha jana jioni. Ukimeza kwanza, namba itatoka kubwa, daktari atapunguza dozi, na mishipa itabaki bila ulinzi. Kula inavyoruhusiwa, funga kidonge kwenye karatasi, weka mfukoni pamoja na chupa ndogo ya maji. Ukishatolewa damu, kimeze hapohapo kwenye benchi kabla hujatafuta basi la kurudi nyumbani.